Re: Baba anaamka usiku kukojoa, kila mwezi anapewa dawa za UTI

Mkuu, kwa miaka 67 na mkojo unaokatikakatika, usikimbilie saratani. Tezi dume hutanuka kwa umri tu, ikabana njia ya mkojo. Ila dozi ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kila mwezi bila kupima mkojo, hapo wanabahatisha. Apimwe mkojo, na sukari pia, maana kisukari nacho humwamsha mtu usiku. Daktari amkague tezi kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa. Ni muda mfupi tu, wazee wetu wanaona aibu bure. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, isipimwe akiwa na maambukizi, hupanda. Akiandikiwa tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya tezi ili mkojo upite, asiinuke ghafla kitandani, huweza kushusha presha. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini aachane nazo, zinaweza kuziba mkojo. Ukiziba kabisa, hospitali usiku huohuo akawekewe mpira wa kutoa mkojo.