Wati 8 za valvu na spika za desibeli 84

Ndugu, umeuliza kama amplifaya ya valvu (taa ya kioo inayokuza sauti) moja ya aina ya 300B kila upande, yenye wati 8 hivi, itaziweza spika zako za desibeli 84 (kiwango cha sauti kwa wati 1, kikipimwa mita 1 mbele yake) na omu 4 (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme). Kwa usikilizaji wa taratibu katika chumba kidogo itaziweza, lakini kwa muziki wa dansi wenye tarumbeta na ngoma itaelemewa mapema. Kila unapoongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo spika zako zikipewa wati zote 8 zitafikia takribani desibeli 93 kwa umbali wa mita 1, ilhali spika ya Klipsch Heresy IV, ambayo watengenezaji wake wameiandikia desibeli 99, inakipita kiwango hicho kwa wati 1 pekee. Mimi ningebadilisha spika kwanza, maana wati za valvu ni ghali.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusii ni kwamba ukinzani wa spika hupanda na kushuka kadiri sauti inavyotoka besi kwenda nyembamba, na amplifaya za aina hii huyumba pamoja nao, hata besi ikavimba mahali isipotakiwa. Nyuma ya amplifaya kwa kawaida kuna sehemu za kuunganishia za omu 4 na 8. Anza na 4, kisha izime, uhamishie waya kwenye 8, usikilize tofauti. Usiiwashe kamwe bila spika, kwa kuwa transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.