Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha wodi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa napepeta mchele. Unauliza kama uache wodi moja kwa moja ushike hiyo kazi uliyoitiwa, ya kuwa kinara wa afya ya kidijitali: kuzungumza makongamanoni, kuandika, kushauri wizara za nchi hii na ile. Mshahara sikuulizi. Mimi nataka kujua kitu kimoja kwanza. Huko jukwaani utakuwa unamsemea nani?

Nilikwambia tangu hujajua kusoma vizuri kwamba kila nambari ina mwenyewe. Nilikuwa nakwambia hivyo kila mwisho wa mwezi, tumekaa mkekani na fomu za MTUHA, zile taarifa za huduma za afya za kituo chetu, wewe unahesabu vijiti, mimi najumlisha, marehemu baba yako anatushikia taa.

Unaukumbuka mradi wa SMS for Life ulipokuja kwetu Lindi Vijijini, 2009, ukiwa darasa la sita? Kila wiki simu inalia, tunaulizwa pakiti za dawa mseto zimebaki ngapi, na kwinini ya sindano. Wewe ndiye uliyekuwa unakimbia na simu mpaka kwenye kile kichuguu nyuma ya mikorosho, unainyanyua juu hadi ujumbe uende. Tukiwahi kujibu, tunapata salio. Tulikuwa vituo 129 katika wilaya tatu, sisi na wenzetu wa Ulanga na Kigoma Vijijini. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa walau aina moja ya dawa za malaria. Ilipofika wiki ya 21 zilikuwa asilimia 26. Nilipotajiwa hesabu hizo sikuhitaji kuelezwa, nilishaziona kabatini. Mama anakuja na mtoto anayechemka mwili, nafungua kabati, dawa ipo. Kabla ya hapo nilikuwa namwandikia karatasi akanunue mjini, na nauli hana.

Kwa hiyo usinifikirie kuwa mimi ni adui wa kompyuta. Hata hiyo DHIS2, mfumo wa kompyuta mnaoingizia taarifa zenu za afya, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya 1994 na kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oslo, haikuenea Tanzania nzima mwaka 2013 kwa miguu yake yenyewe. Kuna watu walisimama mbele ya wakubwa wakaitetea mpaka ikaeleweka. Kazi hiyo lazima iwe na watu wake, na sioni kwa nini usiwe wewe.

Ila kuna ile siku ya ukumbini. Unaijua nusu tu.

Ulikuwa mradi mwingine, miaka ya baadaye, wa vishikwambi. Tukaitwa mjini kwenye mkutano wa kufunga. Mtoa mada alikuwa kijana mpole, mwenye kujua kazi yake, na alijitambulisha kuwa ni daktari aliyeacha wodi siku nyingi. Akaweka ramani ukutani. Vituo vilivyoleta taarifa kwa wakati vina doti ya kijani, vingine nyekundu. Nyekundu ya kwanza aliyoionyesha kwa kidole ilikuwa yetu. "Kituo kisichowajibika," akasema.

Mwezi ule nilikuwa peke yangu, mwenzangu yuko likizo. Usiku wa mwisho wa kutuma taarifa niliuguza mzazi wa mapacha, wa pili katanguliza matako, na mama akawa anavuja damu. Sola yetu ilitosha taa ya chumba cha kujifungulia tu. Ningeizima ili nichaji kishikwambi? Nilikuwa nimekibeba kwenye mkoba kitabu namba 12, kile cha kuandikia wanaojifungua, mstari wa mama yule una alama ya kidole changu, wino umelowa jasho. Nikanyoosha mkono. Nikaambiwa, "Mama, maswali tutayapokea baadaye." Baadaye likaja pilau. Nikarudi na basi la saa tisa, kitabu kikiwa mapajani, asubuhi nikakirudisha rafuni. Yule mama na wanawe wote wawili walikuwa hai, na kwenye ramani walikuwa doti nyekundu.

Kila nambari ina mwenyewe, mwanangu. Kijana yule alilisahau hilo kwa sababu aliacha wodi. Hivyo ndivyo ninavyosema siku zote. Lakini jana usiku nimejiuliza: je, kama angebaki wodini angenisikiliza? Nimefanya kazi na mabingwa wasiotoka wodini hata sikukuu, na muuguzi akifungua mdomo hawageuki. Na wale walioleta ujumbe wa dawa mseto wengi wao hawakuwahi kushika mgonjwa, ila waliuliza swali sahihi, wakamuuliza aliyeshika ufunguo wa kabati. Kwa hiyo labda wodi siyo inayomfunza mtu kusikiliza. Labda. Halafu namkumbuka tena yule na kidole chake, naona bora ubakishe hata siku moja kwa wiki kliniki.

Basi, nimeshasema zaidi ya nilivyotaka. Dada yako alinionya nisikuamulie, na ulimi nimeushika kwa shida. Mkataba usiutie sahihi kabla hujaja. Korosho zimeanza kuanguka, na kichuguu bado kipo, ingawa siku hizi mtandao unafika mpaka jikoni.

Mama yako