Mozaiki ya picha: mkusanyo kwanza, programu baadaye

Shikamoo mwalimu. Nina studio ndogo Mwanga, Kigoma. Familia moja inataka sura ya babu yao iundwe kwa picha ndogondogo za harusi na sikukuu za ukoo. Kompyuta inajuaje picha ipi ikae wapi?

Marahaba. Haimjui babu wala bibi harusi, inapiga hesabu za rangi tu. Picha kubwa hukatwa miraba, na kila mraba hutafutiwa wastani wa nyekundu, kijani na bluu, kila rangi kati ya 0 na 255. Picha ndogo hupimwa vivyo hivyo, kisha mraba hupewa ile ambayo namba zake zimeukaribia zaidi. Programu makini hugawa kila mraba tena, tuseme vipande 9, na kulinganisha kipande kwa kipande. Hapo picha yenye giza upande mmoja na nuru upande wa pili hupata mahali pake, na ukingo wa kofia ya mzee hutokea wenyewe. Hakuna kitu kizuri kama hicho katika kazi hii! Anza na programu ya AndreaMosaic, ni ya bure.

Nipo Ujiji. Nimetumia picha za ziwa tu, mamia kwa mamia, lakini uso wa mama hauonekani.

Tatizo ni mkusanyo. Ziwa Tanganyika mchana linakupa bluu na kijivu, na uso wa mama unataka kahawia za kila aina na weusi wa nywele. Ongeza mawese, kuta za matofali, kanga, dagaa walioanikwa, mitumbwi ya usiku na taa zake. Hasa tafuta picha za giza sana na za mwanga mkali, kwa sababu jicho hutambua sura kwa nuru na kivuli kuliko kwa rangi. Kuna kitufe cha kupaka picha ndogo rangi ya mraba wake. Mimi sivuki asilimia 20, maana zaidi ya hapo picha zako za ziwa zinafifia zote.

Kasulu hapa. Nataka kuchapa sentimita 60 kwa 90.

Gawa 30 kwa 45: vipande 1,350 vya sentimita 2 kila upande. Kwa nukta 300 kwa inchi, kila kipande kinahitaji pikseli (nukta za picha) 236 hivi tu kila upande, kwa hiyo hata picha ulizotumiwa WhatsApp zinatosha. Si lazima ziwe 1,350 tofauti. Ruhusu kurudia, mradi zinazofanana zisikae jirani. Faili la mwisho lipeleke kwa mchapaji kwa flashi, usilitume kama picha ya kawaida, litapunguzwa.

Picha kuonekana kama mchoro wa rangi za mafuta, lazima akili mnemba?

Hapana. GIMP, programu ya kuhariri picha, ya bure pia, ina kichujio kinachotazama majirani wa kila pikseli na kuchukua rangi iliyojirudia zaidi, hivyo vijimstari vyembamba huyeyuka. Kuiga mtindo wa mchoraji fulani kwa mitandao ya neva, yaani akili mnemba yenyewe, njia iliyoonyeshwa na Leon Gatys na wenzake huko Ujerumani mwaka 2015, ni jambo jingine na hutaka kompyuta yenye nguvu. Kwa sura za wazee napendelea GIMP, eneo la majirani likiwa dogo, ili makunyanzi yabaki.