Umetimuliwa ukocha? Ngoja nikusimulie yaliyonikuta

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumapili iliyopita, baada ya Isha. Ulitoka kwa kijana niliyemfundisha mpira akiwa mdogo, sasa naye ni kocha, timu yake inacheza First League, ligi ya daraja la tatu. "Shikamoo mwalimu. Jana wamenipigia simu, wakaniambia nikabidhi koni na vizibao kwa msaidizi wangu. Mechi sita tu, mwalimu. Hivi kweli niendelee kuitafuta Diploma B, au niache nikakae dukani kwa kaka?"

Nikaandika "Marahaba mwanangu," kisha nikakwama. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikamwambia alale, nitamjibu kwa kirefu. Jibu lenyewe ndilo hili. Nimeliweka hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotamani kusimama pembeni mwa uwanja wa Ligi Kuu, kamera zikiwamulika, mkiitwa kocha mkuu. Mimi niliitwa hivyo kwa mechi tisa.

Nilianza Makorora, hapa Tanga, mwaka 2009. Goti lilikuwa limeshanistaafisha, nilikuwa beki namba tatu. Nilikuwa na watoto kumi na mmoja, mipira miwili, na kiwanja chenye mwembe kwenye kona moja. Sikuwa na cheti chochote. Nilichokuwa nacho ni hadithi za wazee wa mji huu kuhusu Coastal Union ya 1988, iliyotwaa ubingwa wa Bara, na niliamini kabisa kwamba mji uliotoa timu ile hauwezi kukosa vijana. Bado naamini hivyo.

Miaka ya vyeti vya ukocha sitaisimulia sana. D, C, B, hadi A. Nililala kwa ndugu, nilikopa nauli, nilikuwa msaidizi wa makocha watatu tofauti, na nilibeba mifuko ya mipira nikiwa na umri wa kuitwa baba. Kisha siku moja simu ikaita: timu ya Ligi Kuu inamtaka kocha mkuu. Mama watoto alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikasimama gizani, nikamshukuru Mungu.

Ushindi mara mbili, sare tatu, tukafungwa mara nne. Hizo ndizo mechi zangu tisa, nazikumbuka moja moja.

Kabla ya mechi ya nane, saa nne usiku, kiongozi mmoja wa timu alinipigia. Alitaka beki fulani wa kati aanze. Kijana yule alikuwa ametoka kwenye maumivu ya nyonga, mazoezini alikuwa anageuka kwa shida, na daktari wa timu alikuwa ameshaniambia nimpe wiki moja zaidi. Nilijua, na bado nilimpanga. Dakika ya 88 ikapigwa kona, beki yule hakuruka, mpira ukawekwa wavuni. Nikaingia vyumbani nikasema tumekosa umakini kwenye mipira iliyokufa. Haikuwa kweli. Aliyekosa ni mimi, na nilikosa tangu usiku uliotangulia, nilipokubali simu ipange kikosi changu. Hilo linaniuma kuliko kufukuzwa, na sijawahi kuliandika mahali popote mpaka leo.

Baada ya mechi ya tisa nilikuwa chumbani kambini, naandika programu ya wiki. Meneja wa timu akaingia, akakaa kitandani, akauliza, "Mwalimu, umeona mtandaoni?" Kumbe picha yangu ilishawekwa, imeandikwa asante na kila la heri. Mashabiki walijua kabla yangu. Mke wangu alijua kabla yangu. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi mitatu. Mkataba niliousaini kwa furaha ile ya siku ya kwanza haukusema chochote kuhusu fidia ya kuuvunja, kwa sababu sikuusoma vizuri. Nilitaka tu kusaini kabla hawajabadili mawazo.

Kwa hiyo la kwanza, mwanangu, soma mkataba. Usome mwenyewe, kisha mpe mtu anayejua sheria, hata kama ni jirani yako wakili unayekutana naye msikitini tu. Uliza: wakinivunjia, nalipwa nini, na lini? Malengo wanayonipa yameandikwa wapi? Nani anapanga kikosi? Hilo la mwisho liandikwe pia. Nasema tena, soma mkataba.

La pili ni vyeti, na hapa sitaki mjadala. Mtazameni Juma Mgunda, mtu wa hapa hapa Tanga. Mwaka 2022 aliipeleka Coastal Union fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, wakatoka 3-3 na Yanga, wakafungwa kwa penalti. Septemba ya mwaka huohuo Simba wakamwita akiwa na hadhi inayotakiwa kukaa kwenye benchi la mechi za CAF, shirikisho la soka la Afrika. Wakaitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, wakaenda Luanda wakaichapa Primeiro de Agosto 3-1, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mazungumzo ya vijiweni yote yalikuwa kwamba mzawa hawezi. Aliweza. Na angekuwa hana leseni, simu ile isingeita kwake. Hemed Suleiman "Morocco" naye vilevile: Januari 2024 kule Ivory Coast kocha mkuu alifungiwa na CAF katikati ya mashindano ya AFCON, yeye aliyekuwa msaidizi akakabidhiwa Taifa Stars, akatoa sare na Zambia na sare na DR Congo. Novemba ya mwaka huo akiwa kwenye benchi lilelile, Stars ikaifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa na kufuzu AFCON 2025. Nafasi zinakuja ghafla hivyo. Kamalize B yako. Duka la kaka halihami.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikose usingizi Jumapili.

Nilipopata ile kazi ya Ligi Kuu, nilikiacha kiwanja cha Makorora. Sikumkabidhi mtu. Niliwaambia watoto nitarudi wikiendi, na wikiendi zikapita. Nilikuwa na watoto thelathini na kitu wakati ule. Mmoja alikuwa winga wa mguu wa kushoto, umri wake miaka 13, ana mbio na ana akili ya kujua lini asikimbie, kitu ambacho hata wachezaji wa kulipwa wanalipwa bila kuwa nacho. Baba yake hayupo, bibi ndiye mlezi. Alikuwa anakwenda shule kwa sababu mimi nilikuwa namkagua madaftari kabla hajagusa mpira.

Nilipotimuliwa nilikaa ndani wiki tatu kwa aibu. Nilipotoka nikaenda kiwanjani. Milingoti ya goli ilikuwa imeng'olewa, nadhani iliishia jikoni. Watoto hawapo. Yule winga nilimkuta Deep Sea, anashusha samaki kwenye boti alfajiri, shule ameacha. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu," akaendelea kubeba ndoo. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Nilianza upya na watoto saba. Leo wapo 46, wavulana na wasichana. Kila mtoto ana daftari la mahudhurio ya shule, linasainiwa na mwalimu wake wa darasa, na asiyekuwa na saini anakaa chini ya mwembe anatazama wenzake. Wa chini ya miaka 12 siwachezeshi uwanja mzima, kumi na moja kwa kumi na moja, kwa sababu mtoto mdogo kwenye uwanja wa mita mia anagusa mpira mara chache mno na anajifunza kukimbia tu. Nawagawa wanne kwa wanne kwenye vijiwanja vidogo, goli ni ndala mbili. Hapo kila mmoja anapokea, anageuka, anapoteza, anautafuta. Wazazi walinuna mwanzoni, wakisema huo si mpira. Sasa wanakuja na viti.

Mwaka huu wawili wamechukuliwa timu ya mkoa ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Siku majina yalipotoka nilijisikia vizuri kuliko siku ya ushindi wangu wa kwanza Ligi Kuu, na ninasema hivi nikimaanisha.

Ndiyo maana nakwambia: ukipata timu, usikiache kiwanja cha mtaani. Ukifukuzwa, rudi kwenye kiwanja cha mtaani. Klabu inaweza kukunyang'anya koni na vizibao kwa simu ya dakika mbili, lakini watoto hakuna anayewasajili wala kuwatimua isipokuwa wewe mwenyewe kwa uzembe wako. Makocha wenzangu, tunapenda sana kuhojiwa redioni. Tunajua majina ya mifumo yote. Lakini ukimuuliza kocha mtaa wake una watoto wangapi wanaocheza pekupeku, hajui. Tusiposhuka sisi, nani atashuka? Tunalalamika timu zinajaza wageni, na sisi wenyewe tumewatupa wa kwetu. Mkabidhini mtu viwanja vyenu kabla hamjaenda kambini. Hata kijana wa Diploma D anatosha, mwachie funguo za stoo na daftari.

Yule winga ana miaka 17 sasa. Nimemfuata Deep Sea mara nne. Mara ya nne alisema atakuja siku bahari ikichafuka.

Mwanangu, kesho saa kumi na nusu jioni tuko uwanjani. Koni ninazo, vizibao vipo. Ninahitaji mtu wa kuwashika wale wa chini ya miaka 10, wamekuwa wengi, siwamudu peke yangu. Njoo na filimbi yako.