Kopo moja la WD-40 kwa kila kitu?

Mkuu, umeuliza kama WD-40, ile dawa ya kupulizia ya kwenye kopo, inatosha kwa cheni ya pikipiki, kitasa cha mlango na nati zilizoshika kutu, au ununue kila dawa kivyake. Kwa nati, inafaa. Pulizia, iache izame, ndipo ulete spana. Kwa cheni, usiitegemee.

Hiyo dawa ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi kinachoruka hewani, kinabaki kiutando chembamba cha mafuta. Kwenye cheni inayobeba abiria na gunia juu, kiutando hicho hakidumu. Itumie kulainisha uchafu tu: zima injini, pulizia, sugua kwa brashi, futa na kitambaa mpaka cheni ikauke. Halafu, injini ikiwa bado imezimwa, zungusha gurudumu kwa mkono, dondoshea mafuta ya cheni upande wa ndani, ili mzunguko uyasukume kuelekea nje. Ukikosa, oili ya gia SAE 90 inafanya kazi vizuri, na bei yake haiumi.

Kitasa hakitaki mafuta mazito, yananasa vumbi. Sugua ufunguo kwa penseli laini, ingiza utoe mara kadhaa, unga wake mweusi ulainishe ndani. Bawaba zikipiga kelele, pulizia ukipenda, ila grisi inadumu zaidi.

Na tafadhali, ukipulizia cheni, funika diski ya breki ya nyuma. Tone likifika pale, breki haishiki.