Babu yangu alikuwa kompyuta

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, pamoja na picha ya cheti cha ndoa cha babu na bibi yangu. Nimeikuza picha mpaka nikaona wino ulivyofifia, na kweli, kwenye nafasi ya kazi ya bwana harusi imeandikwa "kompyuta". Unaniuliza kama aliyejaza fomu alikosea, kwa kuwa siku zile mashine hizo hazikuwa zimeingia maofisini. Tena unauliza kama kwenye mti wa ukoo unaouchora uandike "karani", maana ndivyo sote tulivyozoea kumtaja.

Hakukosea mtu, mwanangu. Babu alikuwa kompyuta. Waingereza walilitumia neno hilo tangu karne ya 17, na maana yake ilikuwa mtu: yule anayekaa chini na kalamu kukokotoa hesabu za wengine. Mashine ilikuja baadaye ikarithi kazi, ikarithi na jina.

Yeye alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Wapima ardhi walikwenda porini na vyombo vyao, wakarudi na madaftari yaliyojaa pembe na urefu, wakamwachia mezani. Kazi yake ilikuwa kuzigeuza zile namba ziwe ramani inayoweza kuaminika. Kwanza alijumlisha pembe. Pembetatu lazima ifikishe nyuzi 180, na umbo la pande tano nyuzi 540. Lakini vipimo vya porini havifiki sawasawa hata siku moja. Kuna jua, kuna upepo, kuna jicho lililochoka. Kama kilichozidi au kupungua ni kidogo, alikigawa kwenye pembe zote. Kikiwa kikubwa, daftari lilirudishwa kwa mwenyewe akapime upya. Hebu fikiri, mtu ambaye hajaukanyaga mpaka ule ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Kitabu chake cha logi, yaani logarithimu, zile namba zinazokuwezesha kuzidisha kwa kujumlisha tu, nakikumbuka kuliko sura za jamaa zangu wengine. Pembe za kurasa zilikuwa nyeusi kwa kidole gumba. Shuleni sisi tulikuwa na majedwali ya tarakimu nne, na siku moja nikamuuliza kwa nini chake kina tarakimu saba. Hakunijibu kwa maneno. Akanipa penseli. "Logi ya mbili?" Nikasoma kwenye jedwali langu: 0.3010. "Ya tatu?" 0.4771. "Jumlisha." Nikapata 0.7781. "Mbili mara tatu ni sita. Sasa tazama logi ya sita." Jedwali langu likasema 0.7782. Nilidhani nimekosea kujumlisha, nikarudia mara mbili. Ndipo akafungua kitabu chake: 0.3010300 na 0.4771213, jumla 0.7781513, na logi ya sita pale pale 0.7781513, haikupungua wala kuzidi. Akaniambia ile moja iliyopotea mwishoni mwa jedwali langu, ukiibeba hesabu baada ya hesabu, mwisho wake ni shamba la mtu.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo nimeirithi mpaka leo. Safu akishaijumlisha kwenda chini, aliihakiki kwenda juu. Alisema jicho likipita njia ile ile litajikwaa pale pale.

Ukiona hivyo utaelewa kwa nini watu hawa walikuwapo kila mahali palipokuwa na hesabu nzito. Mwaka 1758 Wafaransa watatu, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute, walikaa miezi wakikokotoa ni lini ile nyota ya mkia ya Halley ingerudi karibu na jua. Walisema katikati ya Aprili 1759, kwa tahadhari ya mwezi mmoja mbele au nyuma. Ikafika tarehe 13 Machi. Kwa kalamu tu, mwanangu, wakiihesabu mivuto ya Mshtarii na Zohali juu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikiona.

Anayenigusa zaidi ni Radhanath Sikdar wa India, kwa kuwa kazi yake na ya babu ni moja. Aliingia katika upimaji mkuu wa nchi ile mwaka 1831 akiwa kijana, akapanda mpaka kuwa mkuu wa wakokotoaji. Simulizi iliyopokewa ni kwamba mwaka 1852, kutokana na vipimo vilivyochukuliwa kutoka mbali sana, alitambua kuwa kilele kilichoandikwa kwa namba 15 tu ndicho kirefu kuliko vyote duniani. Tangu 1865 mlima ule unaitwa Everest, jina la mkuu wa zamani wa idara.

Ujue pia kwamba kazi hii ilipokea watu ambao usingewatarajia. Mwishoni mwa karne ya 18 Gaspard de Prony alipotengeneza majedwali makubwa ya logi kule Ufaransa, aligawanya hesabu zikawa vipande vya kujumlisha na kutoa tu, na inaelezwa kuwa baadhi ya aliowaajiri walikuwa wasusi wa nywele waliokosa wateja baada ya mapinduzi. Williamina Fleming alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard kabla ya kuwekwa kwenye meza ya hesabu, na aliishia kugundua mamia ya nyota zinazobadilika mwanga.

Kisha mashine zikaja. ENIAC, mashine ya kukokotoa ya Wamarekani, ilipotambulishwa kwa watu mwaka 1946, wanawake sita waliochaguliwa kuipanga hesabu zake walitoka miongoni mwa wakokotoaji. Hata hivyo imani haikuhama kwa siku moja. Mwaka 1962 John Glenn, mwanaanga wa Marekani, kabla ya kurushwa kuizunguka dunia, alitaka Katherine Johnson, mkokotoaji wa shirika la anga la NASA, arudie kwa mkono hesabu ambazo mashine ilikuwa imeshazitoa.

Sasa nikueleze hili la "karani". Babu alipostaafu, neno lilikuwa limeshahama. Akisema alikuwa kompyuta watu walicheka, wakadhani anatania, na yeye hakuwa mtu wa kutania kuhusu kazi. Naamini alichoka kueleza. Akaanza kusema karani, baba yangu akasema karani, na mimi nikakulisha wewe neno hilo hilo. Nasikitika kwamba nilijua ukweli na sikuuona kuwa ni kitu cha kukusimulia mpaka ulipouliza.

Unaandika kwamba wenzako wanaochimbua koo zao wamekuta mengi: mmoja ana bibi aliyekuwa akiamsha watu kwa kugonga madirisha yao alfajiri kwa fimbo ndefu, mwingine ana babu aliyekusanya ruba kwa ajili ya waganga. Kazi hizo zilikuwapo kweli, na ni nzuri kusimulia. Ila usikae sana kwenye jina la kazi, mwanangu. Uliza mkono ulishika nini, jicho lilitazama nini, na nani mwingine alikuwa chumbani.

Nasema hivyo kwa sababu ya cheti hicho hicho. Kuna mwanamke wa Uingereza, Mary Edwards wa Ludlow, aliyekuwa akikokotoa majedwali ya mabaharia kwa miaka. Hesabu alifanya yeye, lakini kazi ilikuwa imeandikwa kwa jina la mumewe, na malipo yalikwenda kwa jina hilo. Mume alipofariki mwaka 1784 ndipo ikabidi ajitokeze kuomba kazi aliyokuwa akiifanya tayari.

Tazama tena ile picha, chini ya jina la babu. Kwenye nafasi ya kazi ya bibi harusi kuna kistari. Mimi nililala chumba cha pili nikiwa mdogo, mlango wazi, na usiku nilikuwa nikimsikia bibi akimsomea babu tarakimu: "sifuri, saba, saba, nane, moja..." Sauti moja, bila kupanda wala kushuka, na babu akijibu "ndiyo" kila safu ilipokubali. Bibi akinyamaza katikati nilijua kuna kosa, na mara nyingi ni yeye aliyeliona kwanza. Hakulipwa kwa hilo, wala hakuna karatasi iliyolitaja.

Kwa babu andika kompyuta, herufi zote, kama alivyoandikwa siku ya ndoa yake. Kwa bibi usinakili kile kistari. Andika kwamba alisoma tarakimu na kuhakiki, na pembeni weka kwamba aliyekuambia ni mimi, niliyemsikia.

Mama yako