Maranda ya Seremala Yanamfaa Nyoka?

SWALI: Ninaishi Moshi na ninafuga, kwa kibali, nyoka wa nyumbani asiye na sumu. Jirani yangu mfuga kuku amenishauri nimtandikie maranda ya seremala. Je, ni salama?

JIBU: Jirani yako ana nia njema, lakini nakuomba usimfuate kabla ya kujua maranda hayo yametoka mti gani. Mtarakwa, ambao mbao zake hunukia hata zikiwa zimekauka miaka mingi, una mafuta yanayoweza kudhuru mapafu ya nyoka aliyefungiwa mahali padogo, na harufu unayoifurahia wewe ndiyo hasa inayomuumiza. Vumbi la mbao nalo humwingia puani, tena hunata kwenye windo akalimeza.

Mimi ningeanza na gazeti la kawaida, tabaka mbili au tatu, kwa kuwa huonyesha kinyesi na utitiri mapema na hubadilishwa kwa dakika chache. Kwa vile nyoka huyu hupenda kujificha, muwekee pia kipande cha chungu kilichovunjika, kisicho na makali.

Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa pia, mradi yameoshwa yakatoka chumvi, kisha yakakaushwa vizuri. Fumba konzi moja mkononi: yakidondosha maji, yaanike tena. Maganda ya kahawa yaache, huota ukungu upesi.

Kila wiki mwinue taratibu utazame magamba ya tumbo. Ukiona wekundu au malengelenge, unyevu umezidi, na usichelewe kumwona daktari wa mifugo.